Kibanda kwanza, kuku baadaye

Saa kumi na mbili ya jioni, katika parsela nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi, kuna kazi ambayo kila mtoto anaijua: kuingiza kuku ndani ya nyumba. Mmoja anafukuzwa kutoka nyuma ya choo, mwingine anashushwa juu ya ukuta wa jirani, na wote wanasukumwa jikoni, pembeni ya masufuria, au chini ya kitanda cha watoto. Mlango unafungwa. Usiku kucha watu na kuku wanavuta hewa moja. Asubuhi, kabla ya chai, mama anachukua ufagio na majivu, anaondoa mavi ya kuku mahali ambapo mtoto anayetambaa atapita baada ya muda mfupi.

Hakuna familia inayofanya hivyo kwa kupenda. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Mvua inaanza mwezi wa tisa na inaendelea mpaka mwezi wa tano. Wezi wapo. Paka wa kuzurura wapo, panya wapo, na pembeni ya mji, karibu na mashamba, nguchiro naye yupo. Mwenye kuku watano hawezi kuwaacha nje, kwa sababu kuku hao ndio akiba yake. Basi anawalaza pale anapolala yeye.

Lakini kati ya kulala na kuku na kuwaacha waibiwe kuna njia ya tatu, nayo ni kibanda. Si jengo la matofali lenye taa na vyombo vya kununua ng'ambo. Ni kibanda kidogo cha mabanzi, mianzi na mabati ya zamani, ambacho fundi mmoja na kijana wa kumsaidia wanaweza kukimaliza kwa siku mbili. Na jambo ambalo familia, mashirika na viongozi wanapaswa kulikubali ni hili: kibanda kinatangulia kuku. Anayenunua kuku bila kuwa na kibanda amejinunulia hasara. Anayegawia maskini kuku bila kibanda anawagawia hasara.

Akiba ya mama

Katika Kivu zote mbili, kuku si nyama tu. Kuku ni malipo ya shule ya mtoto wa sekondari, kwa sababu shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini sekondari bado inalipiwa. Kuku ni dawa ya malaria usiku wa manane. Kuku ni heshima ya mgeni na ni mahari inayoanza kukusanywa kidogo kidogo. Tena, katika familia nyingi ng'ombe na mbuzi huhesabiwa kuwa vya baba, lakini kuku ni wa mama. Ni mali ambayo mwanamke anaweza kuiuza siku hiyo hiyo bila kuitisha kikao.

Mwaka 2025 ulionyesha thamani ya akiba ya namna hiyo. Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili, mabenki yalifunga milango. Watu waliokuwa na akaunti walijikuta mikono mitupu. Kuku aliye katika parsela hahitaji sahihi ya mtu wala mashine. Anabebwa, anafika sokoni, anageuka unga na chumvi.

Pamoja na hayo, mtu akipita masoko ya Goma na Bukavu anakuta plato za mayai zilizovuka mpaka kutoka Uganda na Rwanda, na kuku wa barafu waliotoka mbali zaidi. Jimbo lenye mvua, mahindi, muhogo na watu wanaojua kufuga linanunua mayai ng'ambo. Sababu ziko nyingi: vita, barabara, kodi, chakula cha mifugo. Lakini mojawapo iko karibu sana na mlango wa kila mfugaji, na haihitaji kusubiri amani ili irekebishwe.

Wazee wana methali inayosema kuku wa maskini hatagi; akitaga haangui; akiangua halei; akilea, mwewe anachukua. Wengi wanaisema kwa kukata tamaa, kama vile umaskini ni laana iliyomshika hata kuku. Lakini ukiichunguza, karibu kila neno lake linazungumzia makao. Kuku huyo anataga, ila anataga nyuma ya choo cha jirani au katika majani, na yai linaliwa na mbwa au linaokotwa na mwingine. Haangui kwa sababu anaatamia jikoni, na kila siku anaondolewa ili sufuria ipite. Halei kwa sababu vifaranga wanalowa mvua, wanakanyagwa, wanashikwa na baridi. Na mwewe anachukua kwa sababu vifaranga wa siku tano wanatembea uwanjani bila kifuniko chochote.

Hesabu yake si ngumu. Kuku wa kienyeji hutaga kati ya mayai 10 na 15, kisha anaatamia kwa siku 21. Akiachwa alee mwenyewe, anaweza kurudia hivyo kama mara tatu kwa mwaka. Tuseme mayai 12, waanguliwe vifaranga 9, mara tatu: ni vifaranga 27 kwa kuku mmoja. Mwenye kuku watano angeona vifaranga 135 kwa mwaka. Lakini nenda kwake mwaka ukiisha: kuku ni watano wale wale, pengine wanne. Vifaranga wengi hufa katika wiki nane za kwanza, na wengi wao hawafi kwa ugonjwa usiojulikana. Wanakufa kwa kukosa mahali pakavu, penye joto na palipofungwa.

Bei ya kuku watatu

Kinachowazuia watu wengi kujenga ni picha waliyo nayo kichwani. Wakisikia “kibanda cha kuku”, wanafikiria jengo la mfugaji mkubwa, lenye sakafu ya saruji na kuku mia tano. Wanahesabu, wanacheka, wanaacha. Picha hiyo inafaa kwa biashara ya kuku wa kisasa. Kwa parsela ya familia, sheria inapaswa kuwa nyingine: kibanda kisigharimu zaidi ya bei ya kuku watatu wakubwa.

Kuhesabu kwa kuku ni bora kuliko kuhesabu kwa franka, kwa sababu franka inapanda na kushuka mbele ya dola, na bei ya leo si ya kesho. Fundi akileta hesabu inayofikia kuku sita au saba, basi kibanda ni kikubwa mno au vifaa vyote ni vipya. Kipunguzwe. Na faida nayo ihesabiwe vilevile: kama kibanda kitaokoa vifaranga watatu tu mpaka wakakua, gharama imerudi. Kwa mwenye kuku watano, hao watatu wanaweza kuonekana kabla mwaka haujaisha.

Vifaa vyenyewe vinajulikana. Mabanzi, vile vipande vya pembeni vinavyobaki gogo linapopasuliwa mbao, huuzwa kwa bei ndogo kuliko mbao zenyewe. Nguzo sita za mkaratusi. Mianzi au fito kwa sakafu. Mabati matatu au manne ya zamani, hata yenye matundu, kwa sababu tundu la msumari huzibwa kwa kipande cha mpira. Misumari. Bawaba za mlango zinakatwa katika tairi kuukuu. Mikebe mikubwa ya mafuta ya kupikia, ikipasuliwa na kunyooshwa, inaziba pengo popote. Kitu kimoja tu hakifai kutafutwa cha bei rahisi, nacho ni kadena.

Kwa kuku kumi na jogoo mmoja wanaotoka nje mchana, eneo la mita 2 kwa mita 1 na sentimita 20 linatosha. Kwa kuku watano, nusu yake. Kuwabana zaidi ya kuku watano katika mita moja ya mraba ni kuwatafutia magonjwa na kudonoana.

Sakafu iinuliwe juu ya ardhi, angalau sentimita 60. Hili ndilo jambo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote. Sakafu ya chini inashika maji ya mvua, inaingiza panya, na kuku wanalala juu ya mavi yao. Sakafu ya juu, iliyotengenezwa kwa mianzi iliyopasuliwa na kuachiwa nafasi ya sentimita 2 hivi, inapitisha mavi yaanguke chini. Nafasi iwe ya kupitisha kidole cha mtu mzima, isiwe ya kutumbukiza mguu wa kuku. Chini ya kibanda mavi yanakusanywa mara mbili kwa wiki, yanachanganywa na majani, yanaachwa yaoze, kisha yanaingia katika bustani ya lenga-lenga. Yasiwekwe mabichi kwenye mboga, kwa sababu yanaunguza mizizi.

Ndani kuwe na miti ya kulalia. Kuku kwa asili analala juu, si sakafuni. Mti wa unene wa mpini wa jembe, ulioparwa vizuri, unampa kila kuku sentimita 20. Uwekwe juu kuliko viota, la sivyo kuku watalala ndani ya viota na mayai yatachafuka. Viota navyo ni vijisanduku vya sentimita 30 kila upande, vyenye giza kidogo na majani makavu. Kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Majivu kidogo chini ya majani yanasaidia kupunguza chawa na utitiri.

Kuna kosa moja ambalo watu wa milimani wanalifanya kwa nia nzuri: wanaogopa baridi, kwa hiyo wanaziba kila tundu. Kuku mkubwa mwenye manyoya anavumilia baridi ya Bukavu, mradi awe mkavu na upepo usimpige moja kwa moja. Asichokivumilia ni hewa nzito ya mavi yake mwenyewe. Mtu akiingiza kichwa kibandani asubuhi na macho yakamwasha, kuku nao mapafu yanawawasha usiku mzima. Kwa hiyo sehemu ya juu ya kuta mbili, chini kidogo ya paa, iachwe wazi kwa upana wa kiganja na nusu, izibwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo au kwa fito zilizobanana. Wavu wenye matundu makubwa unamzuia kuku kutoka, lakini haumzuii panya kuingia.

Paa lizidi kuta kwa sentimita 30 kila upande ili mvua ya pembeni isiingie. Kwenye kila mguu wa kibanda, kipande cha mkebe kikizungushwa kama kola kinamzuia panya kupanda. Palipo na siafu, miguu inasimama ndani ya mikebe yenye mafuta machafu ya gari. Ni mambo madogo, lakini siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hakuna kifaranga.

Vifaranga wanahitaji mahali pao. Kitunga kikubwa kilichopinduliwa, jiwe juu yake, mama kuku ndani na maji pembeni: bibi zao watu wa Kivu walikuwa wanafanya hivyo, na bado ni njia nzuri kwa wiki mbili au tatu za kwanza. Mwewe haoni kitu. Joto la mama linatosha. Wanaonunua vifaranga wa mashine bila mama wanalazimika kutafuta joto la nyuzi zaidi ya 30 usiku na mchana, na umeme ukikatika wanakimbilia makala. Jiko la makala ndani ya kibanda cha mbao, lisilo na mtu wa kulilinda, ni hatari ambayo Bukavu haihitaji kuelezwa. Mji huu umeona nyumba nyingi za mbao zikiteketea Kadutu kwa sababu ya cheche moja.

Mlima na mawe meusi

Kibanda cha Bukavu hakiwezi kuwa sawa na cha Goma, kwa sababu ardhi si moja.

Bukavu ni mteremko na udongo unaokimbia. Kukata mlima ili kupata nafasi ya kibanda ni kujitafutia mmomonyoko. Ni bora miguu ya upande wa chini iwe mirefu kuliko ya upande wa juu, sakafu ibaki sawa, na mfereji mdogo uchimbwe upande wa juu ili maji ya mvua yazunguke. Maji yanayotoka kwenye paa la kibanda yakikingwa katika bidoni hayamomonyoi parsela ya jirani wa chini, na ugomvi mmoja unapungua katika avenue.

Goma ni kinyume. Katika mitaa ambayo lava ya Nyiragongo ilipita tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, kuchimba shimo la nguzo ni kupigana na jiwe. Hapo kibanda kinajengwa kama meza: miguu minne au sita, mbao za kukaza zinazopita kwa mshazari, na mawe mazito yamewekwa juu ya mbao za chini ili upepo usikiangushe. Hakuna kuchimba. Na kibanda cha namna hiyo kina faida nyingine, kwa sababu watu wengi wa Goma na Bukavu ni wapangaji. Mpangaji anaogopa kujenga katika parsela isiyo yake, na ana haki ya kuogopa. Lakini kibanda chenye miguu ya meza kinainuliwa na watu wanne, kinawekwa juu ya chukudu, kinahama na mwenyewe.

Wanaokataa

Wapo wanaosema kibanda kinamwonyesha mwizi mahali kuku walipo. Ni hoja nzito na haifai kudharauliwa. Mwizi wa usiku ni sehemu ya maisha katika miji hii. Lakini kibanda kinaweza kuegeshwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala, mlango wake ukatazama dirisha, na kadena ikawa upande wa ndani ya parsela ambapo mtu hawezi kufika bila kupita mbele ya nyumba. Mwizi wa kuku anategemea ukimya, na kuku kumi walioshtushwa ndani ya kibanda cha mabanzi hawana ukimya. Akija mwizi mwenye silaha, kibanda hakitamzuia, ni kweli. Lakini jiko nalo halitamzuia. Tofauti ni kwamba kuku wakiwa jikoni, mwizi huyo anaingia kuwafuata mahali watoto walipolala.

Wengine wanasema parsela ni ndogo. Ni kweli pia, Kadutu nyumba zinagusana. Lakini kuku walio jikoni tayari wanachukua nafasi, tena nafasi ya watu. Kibanda cha kuku watano kinachukua mita moja na kidogo. Asiyepata hata mita hiyo labda hapaswi kufuga kuku kumi, afuge watatu.

Wengine wanauliza chakula kitatoka wapi. Kibanda kinachozungumziwa hapa ni cha usiku. Mchana kuku wa kienyeji anaendelea kujitafutia, akiongezewa pumba za mahindi, mabaki ya fufu, majani ya mboga na mchwa. Palipo na majirani wenye bustani, uzio mfupi wa matete mbele ya kibanda unamaliza kesi nyingi kwa chef wa avenue.

Iko pia hoja ya afya, nayo inaunga mkono kibanda kuliko zote. Mavi ya kuku yana vijidudu vinavyoleta kuhara, na mtoto anayetambaa anatia kila kitu mdomoni. Mzazi anaweza kununua dawa ya kuhara mwezi hadi mwezi bila kuuliza kuku wanalala wapi. Yai linaloliwa na mtoto linamjenga. Mavi ya kuku huyo huyo yakiwa sakafuni pake yanabomoa kilichojengwa.

Lakini kibanda peke yake hakimalizi kila kitu, na anayesema kinamaliza anadanganya. Ugonjwa wa Newcastle, ule unaoua kuku wa mtaa mzima kwa siku chache, hauzuiwi na mabanzi. Kuku wanaolala pamoja wanaweza hata kuambukizana haraka zaidi. Kinga yake ni chanjo ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hapa tena kibanda kinasaidia kwa njia ambayo wengi hawaioni: kuku waliofungwa alfajiri wanakamatwa wote kwa dakika kumi. Kuku waliotawanyika katika parsela saba hawachanjwi hata daktari wa mifugo akija bure. Na kwa kuwa chupa moja ya chanjo inatosha kuku mia au zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi, hakuna familia moja inayoweza kuitumia peke yake. Avenue nzima inapaswa kukubaliana siku moja.

Kugawa kuku si msaada wa kutosha

Hapo ndipo mashirika na viongozi wanapohusika. Kwa miaka mingi jimboni, kugawa kuku kwa wajane, wakimbizi wa ndani na familia zenye watoto wenye utapiamlo kumekuwa kazi inayopendwa. Inapigwa picha vizuri: mama ameshika jogoo, wageni wanatabasamu, ripoti inaandika idadi ya kuku waliogawiwa. Swali ambalo ripoti inapaswa kujibu ni lingine: baada ya miezi sita, wangapi wako hai, na wanalala wapi?

Familia inayolala watu saba katika chumba kimoja, ikipewa kuku watano leo jioni, ina njia tatu tu. Itawalaza na watoto, itawauza kesho, au itawaona wakifa. Anayeuza asilaumiwe. Amefanya hesabu iliyo sahihi kuliko ya mradi. Mradi wenye makuta ya kununulia familia kuku kumi ungefanya vizuri zaidi kununua kuku sita, kisha kuweka bei ya wale wanne katika mabanzi, misumari, kadena na chanjo. Idadi katika ripoti itapungua. Idadi katika parsela itaongezeka.

Kuhusu serikali, haiombwi kujengea watu vibanda. Lakini ina Ukaguzi wa kilimo, uvuvi na ufugaji wa jimbo, IPAPEL, wenye watu wanaojua kazi hii. Kuna kitivo cha kilimo katika UEA Bukavu, na kitivo cha udaktari wa mifugo katika UCG Butembo. Kila mwaka wanafunzi wao wanaandika kazi za kumaliza masomo kwa Kifaransa, zinawekwa katika kabati. Ukurasa mmoja wenye mchoro na vipimo, kwa Kiswahili, kwa Kishi, kwa Kinande, ukibandikwa sokoni, kanisani na msikitini, ungefika mbali kuliko semina ya hotelini. Na tarehe ya chanjo ikitangazwa redioni mara tatu kwa mwaka, kama inavyotangazwa chanjo ya watoto, watu wangezoea.

Hata hivyo, wanawake wa Kivu hawana haja ya kusubiri hayo yote, kwa sababu chombo cha kufanyia kazi wanacho tayari. Wanakiita likelemba. Wanawake kumi wanatoa kila mmoja kidogo, na kila mwezi mmoja anapokea. Mara nyingi kinachopokelewa ni makuta, na makuta yanaisha kwa deni la duka. Kundi linaweza kukubaliana kwamba kwa mzunguko mmoja tu, anayepokea asipokee makuta bali kibanda. Mwezi wa kwanza mabanzi na misumari vinanunuliwa kwa pamoja, kwa bei ya jumla. Fundi anajenga kwa mama wa kwanza na vijana wa avenue wanasaidia siku ya salongo. Mwezi wa pili kwa mama wa pili. Baada ya miezi kumi kuna vibanda kumi vinavyofanana, fundi amezoea kipimo, na kuku wa kutosha kufungua chupa moja ya chanjo bila kuipoteza. Hakuna mfadhili aliyeombwa.

Kundi likianza hivyo, lianze na mama mwenye kuku wachache na chumba kidogo kuliko wenzake, kwa sababu yeye ndiye anayepoteza zaidi kila usiku. Na shirika likija na masanduku ya vifaranga kabla kibanda chake hakijasimama, mama huyo ana haki ya kuuliza swali moja mbele ya kupigwa picha: hawa watalala wapi leo?